Sinema Iliyowashitaki Watoto

Sinema "End of the Wicked", iliyotungwa na mhubiri Helen Ukpabio wa Nigeria, ilitolewa mwaka 1999. Humo twaonyeshwa roho za watoto zikiitwa usiku kutoka miilini mwao, kwenda katika baraza la wachawi kula nyama ya watu. Hofu yake yaingia moyoni kweli, na ndiyo sababu twaishitaki.

Mtungaji alijitetea kwamba ni hadithi tu, kama Harry Potter. Hatukubali. Mwandishi wa Harry Potter hana kanisa la kupunga pepo, huyu analo. Tena kitabu chake kimemhesabu mtoto mchanga aliaye usiku, mwenye homa isiyoisha, kuwa mtumishi wa Shetani. Jamani, ni mama gani kwetu asiyeijua homa hiyo? Mara nyingi ni malaria, na dawa yake i zahanatini. Mtoto wa namna hiyo akifungishwa chakula na maji ili pepo atoke, aweza kufa.

Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilipitisha sheria ya kumwadhibu amwitaye mtoto mchawi. Wakati huo watoto wengi walikuwa wamekwisha kufukuzwa makwao, wakilala barabarani.