Sanaa ya Kuizuia Ngumi

Mzazi anayempeleka mtoto kujifunza karate huwa na hofu ambayo mara nyingi haitamki mbele ya mwalimu: mtoto huyu akishajua kupiga, atampiga nani? Ni hofu ya haki. Karate ni elimu ya kuumiza. Ngumi hulenga koo, mbavu na chembe cha moyo. Teke hulenga goti. Wafundishe watoto wa mtaa mzima mambo hayo bila kuwafundisha kingine, na mtaa utajuta. Ndiyo maana naiheshimu sanaa hii kuliko michezo yote ninayoijua. Walioikuza waliiona hatari hiyo mapema, na kila walipoifungulia mlango watu wengi zaidi, waliikaza adabu yake.

Kule Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ilikokulia, karate ilifundishwa faraghani: mwalimu mmoja na wanafunzi wachache aliokwisha kuwachunguza tabia. Mwalimu wa namna hiyo hahitaji kuandika kanuni. Kila mmoja anamjua kwao, na asiyemwamini humnyima. Mwaka 1901 Itosu Anko aliiingiza karate katika shule ya msingi mjini Shuri, na uchujaji ule ukafika mwisho, kwa kuwa darasa la shule hupokea kila mtoto. Itosu akafanya mambo mawili. Alitunga kata tano fupi, yaani mifuatano iliyopangwa ya kinga na mapigo, ziitwazo Pinan, ili mwanafunzi mdogo apate pa kuanzia kabla ya kuzikabili zile ndefu za wazee. Kisha, Oktoba 1908, akaiandikia serikali barua yenye nasaha kumi. Alieleza humo kwamba karate si ya kutafutia ugomvi bali ya kujiokoa na mtu mwovu, na kwamba haijifunzwi kwa pupa. Akapendekeza chuo cha ualimu kiifundishe, ili wahitimu waipeleke katika shule zote. Kwa makadirio yake, miaka kumi ingetosha kuieneza. Tazama alivyopanga: walimu kwanza, wingi wa wanafunzi baadaye. Wahenga walisema udongo upatize uli maji, lakini udongo huo unataka mfinyanzi aliyeiva.

Mwanafunzi wake, Funakoshi Gichin, naye alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1922, akiwa amepita umri wa miaka 50, alikwenda Tokyo kuionyesha karate, na hakurudi kuishi kwao. Alikaa katika bweni la wanafunzi waliotoka Okinawa, akifagia na kulinda jengo ili apate riziki, na humo humo akifundisha. Kwa Kano Jigoro, mwasisi wa judo, aliazima sare nyeupe na utaratibu wa mikanda. Mwaka 1924 akawafunga wanafunzi wake mikanda myeusi ya kwanza. Vyuo vikuu vikaanzisha vilabu. Funakoshi naye akafuata nyayo za mwalimu wake: sanaa ilipopata watu wengi, aliiandikia mafunzo ishirini. La kwanza linaitaka heshima tangu mwanzo wa mazoezi hadi mwisho wake. La pili linamkataza mcheza karate kuwa wa kwanza kushambulia.

Mafunzo hayo hayakubaki karatasini. Zile kata tano za Pinan, ambazo Funakoshi aliziita Heian, zote huanza kwa kukinga. Mtoto anayezirudia kila juma kwa miaka mitatu huwa amekwisha kuanza na kinga mara mamia kadhaa kabla mtu hajamweleza sababu. Maadili yamemwingia kwa miguu na mikono, nayo yaliyoingia kwa njia hiyo hayasahauliki upesi.

Lakini kilele cha ufundi wa karate, kwa macho yangu, ni kuizuia ngumi. Kurusha ngumi kali kuna njia yake: kisigino kishike sakafu, kiuno kizunguke, pumzi ikatwe mkono unapofika. Kijana mwenye bidii huyapata hayo mapema. Kuirusha ngumi hiyo hiyo kwa kasi yote na kuikomesha kwenye ngozi ya mwenzako, huku jicho lako limetulia na mguu wako haujayumba, ni kazi ya miaka. Huwezi kuigiza. Mwenye hasira hawezi, mwenye woga hawezi, na mvivu wa mazoezi ndiyo hawezi kabisa.

Ni ufundi huo uliowezesha kuwapo kwa mashindano. Chama cha Karate cha Japani, kilichoundwa mwaka 1949, kiliandaa mashindano yake ya kwanza ya taifa mwaka 1957, mwaka aliofariki Funakoshi. Hivi leo, katika kumite, yaani pambano la watu wawili, ngumi huleta alama 1, teke la mwili alama 2 na teke la kichwa alama 3. Mwamuzi hutazama lengo, na hutazama pia kama pigo lilidhibitiwa. Tarehe 7 Agosti 2021, katika fainali ya uzito wa juu ya wanaume kwenye Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa 4 kwa 1. Akarusha teke la kichwa, na Sajad Ganjzadeh wa Iran akaanguka akazirai. Waamuzi wakamwondoa Hamedi kwa pigo lisilodhibitiwa, na dhahabu ikaenda kwa yule aliyetolewa kwa machela. Wengi waliiona hukumu hiyo kuwa kali mno. Mimi naiona kuwa siku ambayo karate ilitimiza neno lake mbele ya dunia nzima, kwa gharama kubwa, bila kujali nani angenung'unika.

Huku kwetu mbegu ya karate ilipandwa pia. Katika miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha mtindo wa Goju-ryu katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Zanaki, Dar es Salaam, na waliopita mikononi mwake nao wakawa walimu. Anayeanza Goju-ryu hufundishwa kata ya Gekisai, ambayo Miyagi Chojun aliitunga Okinawa mwaka 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Kwa mara nyingine, bingwa aliacha yale magumu aliyoyamudu akainama kuwatengenezea wachanga ngazi ya kupandia.

Ligi ya karate ya mtaani nayo husimama au huanguka kwa jambo hilo, mkubwa kumwinamia mdogo. Dojo chache zinaungana, ukumbi wa shule unaazimwa, kila dojo inatoa mwamuzi wa kuamua mapambano ya watoto wasio wake. Sakafu inafagiliwa kabla ya mazoezi, na mwenye mkanda mweusi anashika ufagio pamoja na wengine. Mwenye mkanda wa kahawia anasimama na mwenye mkanda mweupe, anampokea ngumi zake zisizonyooka, anamrekebisha kiwiko bila kumcheka. Aliyeshinda na aliyeshindwa wanainamiana, na mwalimu anamkaripia mshindi aliyesahau.

Ligi ikikua, vishawishi navyo hukua: kuuza mikanda kwa ada ya mtihani, kuwapa wakali peke yao muda wa mwalimu kwa tamaa ya medali, kufungua dojo mpya na kumkabidhi kijana asiyejua hata kuyatawala makali yake. Viongozi wa ligi zetu wapime ukuaji kwa swali moja: tunaye mwalimu ambaye mzazi wa mtaa ule anaweza kumwachia mtoto bila wasiwasi? Yupo, dojo ifunguliwe kesho. Hayupo, ligi ingoje mpaka apatikane, hata ikiwa ni miaka, kwa sababu mikono ya watoto itajifunza tu, na lazima pawe na mtu wa kuifundisha kukoma.