Kona Nne Kabla ya Lipu

Fundi mzoefu wa Karagwe halinunui tofali kwa kulitazama tu. Huchukua mawili, huyagonganisha, husikiliza. Lililoiva hutoa mlio mkali. Lililo bichi hutoa mlio mfu, na hutupwa pembeni bila maelezo, hata kama mwenye nyumba amesimama hapo hapo akihesabu hasara.

Ana haki ya kuwa mkali. Tofali la kuchoma limepita mikono mingi kabla ya kumfikia. Udongo wa mfinyanzi umechimbwa bondeni wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kwa kuwa mvua moja ya ghafla inaweza kuyeyusha kazi ya juma zima. Umekanyagwa kwa miguu mpaka mabonge yakaisha, ukajazwa kwenye kalibu ya mbao, ukamwagwa chini ukiwa na umbo. Kisha unafunikwa nyasi au majani ya migomba, kwani jua likikausha uso kabla ya moyo, tofali hupasuka. Baadaye linajengwa tanuri: matofali mabichi yanapangwa kwa maelfu, chini yanaachwa matundu ya kusukumia magogo, mara nyingi ya mkaratusi, na nje tanuri lote linakandikwa udongo.

Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Moto wa kwanza unakuwa mdogo, wa kufukuza maji yaliyobaki ndani ya udongo. Mchomaji hutazama moshi: ukiwa mzito na mweupe, maji bado yanatoka, ukipungua, ndipo anaongeza kuni. Akiharakisha, maji yanageuka mvuke ndani ya tofali na kulipasua. Moto ukikolea, matundu huzibwa na tanuri huachwa lipoe lenyewe, siku kadhaa. Likifunguliwa, matofali hayalingani. Yaliyokaa mdomoni mwa moto yamepinda na kung'aa, ya pembezoni hayajaiva vizuri, ya katikati ndiyo yenyewe. Fundi mwaminifu huyachambua: ya katikati yanakwenda kuta za nje, ya pembezoni ndani. Yaliyopinda hujazwa chini, mahali yatakaposhindiliwa.

Lakini kabla ya tofali kuna ardhi. Vijijini Karagwe na Kyerwa mtu hujenga ndani ya kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni, na mipaka inajulikana na majirani wote. Karatasi ya huko ni hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Katika miji kama Kayanga hadithi ni nyingine: kiwanja kimepimwa, kina namba na mawe ya mipaka yanayoitwa bikoni, hati yake ina muda usiozidi miaka 99, na unatakiwa uwe na kibali cha ujenzi kabla ya kuchimba. Anayenunua na asizione bikoni kwa macho yake amenunua maneno.

Turudi kwa fundi. Siku ya kwanza hajengi chochote. Anapigilia vigingi na kuvuta kamba. Ili kona iwe mraba, anapima futi 3 kwenye kamba moja na futi 4 kwenye nyingine, halafu anakatiza kwa futi ya kupimia: lazima isome 5 kamili. Nyumba ikiwa kubwa atatumia 6, 8 na 10, maana kosa dogo hujificha katika vipimo vifupi. Mwisho anapima kutoka kona hadi kona, msalaba mzima, pande zote mbili. Vipimo viwili visipolingana, vigingi vinang'olewa. Mwenye nyumba huona siku imepotea. Hajui kwamba kosa la nusu futi leo litamfuata hadi juu ya paa, ambako bati la mwisho litakataa kukaa sawa na lile la kwanza.

Milima ya huku haina huruma na msingi. Kiwanja cha tambarare ni bahati, kwa hiyo fundi huchimba mtaro kwa ngazi: unakwenda sawa, unashuka hatua moja, unakwenda sawa tena. Asiyejua huufuata mteremko, na msingi uliolala kwa mteremko una hamu ya kutelemka siku zote. Kusawazisha urefu hutumika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Mmoja anashika ncha moja huku, mwingine kule. Maji yakitulia, usawa umepatikana, hata kama katikati yao kuna kichuguu. Mtaro hujazwa mawe na zege, ukuta wa msingi unainuliwa, na mara nyingi upande wa bondeni huwa mrefu kuliko upande wa mlimani kwa futi kadhaa. Ndani hutiwa kifusi, kinashindiliwa tabaka kwa tabaka na kumwagiwa maji, mawe yanapangwa juu yake, kisha linamwagwa jamvi, yaani zege la sakafu. Kifusi kilichotupwa chote kwa pamoja kitazama baadaye na jamvi litaitika kwa ufa.

Zege lenyewe watu huligombania sana. Kipimo cha kawaida ni moja kwa mbili kwa nne: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Wizi wa saruji kila mtu anauona na kuulalamikia. Wizi wa maji hauonekani, kwa kuwa hapa anayeiba ni anayeongeza. Saidia fundi amechoka kukoroga, anamimina ndoo moja zaidi ili mchanganyiko ulainike, na nguvu ya zege inaondoka na ndoo hiyo. Kisha likishaganda, ndipo linapotaka maji: kumwagiliwa asubuhi na jioni angalau siku 7. Linaendelea kukomaa mpaka siku ya 28 na baada ya hapo.

Sasa kona. Ningekuwa na uwezo ningewapeleka vijana wote wanaosoma ufundi wakae chini wamtazame fundi mkuu akiinua kona moja tu. Matofali yameloweshwa kwanza, maana tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa kujengea na kuuacha unga mtupu. Mwiko unachota, unatandaza, unachora mfereji mdogo katikati. Tofali linashushwa na kusukumwa kidogo, udongo unajitokeza pembeni, mwiko unaukata na kuurudisha kwenye kichwa cha tofali hilo hilo, tayari kwa linalofuata. Hakuna tone linaloanguka. Kozi moja matofali yanalala kufuata ukuta, nyingine yanakatisha, na hakuna mstari wa kuungia unaokaa juu ya mwenzake. Ufa unapenda njia iliyonyooka. Kazi ya fundi ni kuunyima njia hiyo.

Kona inapanda kozi kadhaa peke yake, imeachwa na meno ya kuungia ukuta. Kila baada ya kozi chache timazi inatoka mfukoni. Ni uzito wa chuma uliofungwa kamba, na kamba inapita kwenye kibao chenye upana sawa na uzito ule. Kibao kinashikizwa juu ya ukuta, uzito unaning'inia chini. Ukigusa tofali kwa shida, ukuta umesimama. Ukiegemea, ukuta umelala kwa ndani. Pakibaki nafasi, ukuta umetoka nje juu. Kukiwa na upepo, fundi husogea na kuukinga uzito kwa mwili wake, akingoja uache kuyumba. Dakika hiyo ya kungoja ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na kwenye hesabu za malipo haina jina.

Kona zikikamilika, kamba inavutwa kati yake na mafundi wadogo wanajaza katikati. Ndiyo maana mtu anaweza kujenga ukuta miaka mingi na bado asiitwe fundi wa kona.

Kuna mkanda wa chini, juu ya msingi, na kuna lenta, inayopita juu ya milango na madirisha. Zote mbili ni zege lenye nondo ndani, kwa kawaida nne za milimita 12 zilizofungwa kwa ringi, na zote zinatakiwa zizunguke nyumba nzima bila kukatika. Wengi wakitaka kubana matumizi huweka lenta vipande vipande, juu ya dirisha tu. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa wetu wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato huko Bukoba zikaharibika vibaya hadi kujengwa upya. Huku Karagwe na Kyerwa ardhi nayo ilitikisika. Ukuta wa matofali usio na mkanda hutikisika kila upande kivyake. Kona zinafunguka na pembetatu ya ukuta chini ya paa huanguka kwanza. Lenta inayozunguka huzilazimisha kuta zote ziende pamoja. Ila hata nondo zikiwepo, tazama pembeni: zikiishia hapo, mkanda una vipande vinne vilivyokutana tu. Zinapaswa kukunjwa na kupita upande wa pili, zaidi ya nusu mita, zilaliane na za upande huo. Fundi anayekunja nondo bila kuambiwa, mlipe vizuri na umpikie.

Baada ya lenta na kozi za juu nyumba inaitwa boma, na maboma mengi hungoja. Hungoja msimu wa kahawa. Kuna waliouza kahawa ikiwa bado mtini, biashara inayoitwa butura, wapate bati mapema. Wakapaua kwa bei ya majuto. Wanaosubiri nao wana hatari yao, kwa kuwa boma lililonyeshewa mvua za misimu miwili huanza kuitwa pagale, hasa kama limejengwa kwa udongo bila saruji.

Kuhusu paa nitasema machache. Kenchi ni mbao zinazobeba, papi ndizo zinazopigiliwa bati, kofia hufunika mgongo mabati yanapokutana. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba inadanganya. Paa la mgongo wa tembo linatumia mbao chache kuliko la pande nne. Na hizi nyumba za paa la kujificha nyuma ya ukuta, zinazopendwa sasa mijini, mimi sizielewi katika mkoa wenye mvua kama huu.

Halafu inakuja lipu, na kila nilichokisifu kinafunikwa. Bado unaweza kukisoma ukijua pa kutazama. Nenda dirishani kabla fundi hajamaliza, pima unene wa lipu juu na chini ya ukuta ule ule. Ikiwa juu ni kidole kimoja na chini ni vitatu, timazi ilibaki mfukoni. Wapo mafundi wanaomwomba mwenye nyumba aache ukuta wa mbele bila lipu, wauchore tu mistari kati ya matofali na kuufuta vumbi. Mwenye nyumba huona kama wanampunguzia gharama.