Barafu ya Al Aziziyah na Njia ya Kuifikia kutoka Fereej Bin Mahmoud

Mgeni atokaye Mombasa au Dar es Salaam, ambaye hajapata kuuona mji wa Doha maishani mwake, na ambaye amefikia Fereej Bin Mahmoud kwa kuwa ndiko akaako ndugu yake aliyetangulia kuja kutafuta riziki, akiambiwa kwamba jioni kuna mchezo wa magongo wa barafuni huko Al Aziziyah, upande wa magharibi wa mji, aghalabu huingiwa na wasiwasi wa aina mbili: atafikaje mahali asipopajua, na barafu yawezaje kukaa katika nchi ambayo joto lake wakati wa kaskazi ya kwetu huwa nafuu, lakini ifikapo Julai hupita digrii 40. Nimeyatazama mambo haya mawili kwa muda, nami naona kwamba jawabu lake ni moja, maana wahandisi wa treni na mafundi wa barafu wote wamemkabili adui yule yule, yaani hewa ya nje, na wote wamemshinda kwa milango.

Tuanze na treni. Fereej Bin Mahmoud ni mtaa wa majumba ya ghorofa yaliyobanana kando ya Barabara ya Salwa, wenye wapangaji wengi wa kigeni, na mikahawa ya Kihindi na ya Kiarabu isiyolala mapema. Stesheni ya Bin Mahmoud iko katika Mstari wa Dhahabu, uliofunguliwa tarehe 21 Novemba 2019, na uzuri wake kwa mtu mgeni ni kwamba mstari huo unakomea Al Aziziyah kwenyewe, penye jumba la maduka la Villaggio lenye uwanja wa barafu ndani yake; hivyo basi jina analolitafuta ndilo limeandikwa juu ya upande anaotakiwa kusimama, wala hana haja ya kubadili treni. Hupita Al Sadd, Joaan, Al Sudan, Al Waab na Sport City, uliko Uwanja wa Khalifa, kisha akashuka mwisho wa njia. Nauli ya safari moja katika daraja la kawaida ni riyali 2. Siku ya Ijumaa treni huanza kutembea baadaye kuliko siku nyingine, na hilo sharti alijue mapema.

Treni hizi hazina dereva. Kati ya abiria na reli pana ukuta wa kioo wenye milango, na treni husimama kwa kipimo hata mlango wake ukaelekeana sawasawa na mlango wa ukuta, ndipo yote miwili ikafunguka pamoja. Watu wengi hudhani ukuta ule umewekwa kwa ajili ya usalama peke yake, ili mtu asianguke relini, na kwa hakika hiyo ni kazi yake kubwa. Lakini unafanya na kazi ya pili, ya kuizuia baridi ya stesheni isikimbilie ndani ya handaki.

Kasoro iko mahali pamoja tu, nayo ni kile kipande cha kwenda kwa miguu toka mlango wa nyumba mpaka ngazi za stesheni, ambapo hakuna kioo wala kivuli cha kutosha, na mtu hufika akiwa ameloa jasho kama aliyetoka kuoga. Ubaya wa hewa ile si ukali wa jua tu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2019, mbio ndefu za wanawake za mashindano ya dunia ya riadha zilianzishwa kando ya bahari, Corniche, karibu na saa sita ya usiku ili kulikwepa jua. Hata hivyo joto lilipita digrii 30 na unyevu wa hewa ulipita asilimia 70, na katika wanariadha 68 walioanza ni 40 tu waliomaliza, Mkenya Ruth Chepngetich akiwa wa kwanza. Jua lilikuwa limezama zamani, na unyevu ukichanganyika na joto la usiku ndio uliowaangusha wengi wa wale 28.

Na unyevu huo huo ndio hasimu mkubwa wa barafu. Joto lenyewe lina dawa iliyozoeleka: chini ya barafu pana sakafu ya zege iliyopitishiwa mabomba mengi membamba, na ndani ya mabomba huzungushwa kiowevu cha jamii ile itiwayo katika rejeta za magari, kilichopozwa kupita kiasi cha maji kuganda, na chini ya zege huwekwa tabaka la kuzuia baridi isipotee ardhini. Juu yake maji hunyunyizwa tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa ligande kabla ya lingine, mpaka unene ufike kiasi cha sentimita 3, nayo rangi nyeupe na mistari ya mchezo hufichwa katikati ya matabaka hayo. Kwa mchezo wa magongo uso wa barafu hutakiwa uwe karibu digrii 5 chini ya sifuri, kwa sababu barafu iliyo laini hushika vyuma vya viatu na kumchosha mchezaji.

Lakini hewa yenye mvuke ikiugusa uso huo hufanya kama ifanyavyo juu ya bilauri ya maji baridi mezani: mvuke hugeuka umande, na umande ukaganda ukawa chembechembe kama chumvi, kisahani cha mpira kipigwacho kwa magongo kikaanza kurukaruka badala ya kuteleza; na mvuke ukizidi, ukungu husimama juu ya uwanja hata kipa asimwone ampigaye. Ndiyo maana uwanja wa barafu katika nchi kama hii sharti uwe na mashine za kukausha hewa, mbali na zile za kuipoza, na ndiyo maana kuuweka ndani kabisa ya jumba la maduka, mbali na milango ya barabarani, naliona kuwa shauri la busara kuliko kuujengea banda la peke yake: hewa ya nje hupita milango mingi na kupozwa njiani kabla ya kuifikia barafu. Mtazamaji naye, aliyekuja na jasho la Bin Mahmoud shatini, amekwisha kukaushwa na stesheni na treni kabla hajaketi.

Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na ningemsihi mgeni asiondoke kwenda kununua chai baina ya vipindi, kwani hapo ndipo ufundi huonekana waziwazi. Huingia gari moja zito, la mwendo wa taratibu, lenye kisu kipana chini yake. Hukwangua uso uliochanwa na viatu, hukusanya vumbi la barafu tumboni mwake, na nyuma yake huburuta kitambaa kirefu kinachopaka maji. Maji yale ni ya moto, na jambo hili huwastaajabisha wengi. Ila maji ya moto huyeyusha kidogo barafu iliyo chini yake ndipo yakashikamana nayo vema, na tena yana hewa kidogo ndani yake, hivyo yakiganda hutoa barafu ngumu na safi. Ukiinama ukingoni utaona mstari wa maji uking'aa nyuma ya gari, kisha ukififia kidogo kidogo kwa kuganda, kabla gari halijarudi mzunguko wa pili.

Nayaandika haya kwa sababu mchezo huu si wa watu wa mbali tena. Qatar iliingia katika shirikisho la kimataifa la magongo ya barafuni mwaka 2012, nayo Kenya ikapokelewa mwaka 2024. Nairobi ina barafu yake tangu mwaka 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Ice Lions, iliyokaa miaka bila mpinzani hata ilipochukuliwa kwenda Kanada mwaka 2018, ikacheza katika mji mgeni na juu ya uwanja wa kipimo kamili, wachezaji mashuhuri wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakivaa jezi yake. Uwanja wa Panari ni mdogo mno. Wachezaji sita kila upande, kama kanuni zitakavyo, hawaenei.

Nairobi imejaliwa hewa ambayo Doha haikupewa, kwani iko juu ya mita 1,600 na fukuto la pwani haliifikii, hivyo kazi ya kuikausha hewa ingekuwa nyepesi huko. Kama utajengwa uwanja kamili, ningependa uwekwe karibu na reli ya abiria ya Syokimau, iliyofunguliwa mwaka 2012, inayoambaa na Barabara hiyo hiyo ya Mombasa, ili kijana wa mtaani asilazimike kuwa na gari ndipo aione barafu. Na fedha zikiwa chache, zinunue kwanza milango miwili miwili kila mlangoni na mashine za kukausha hewa, viti vya watazamaji vikangoja.