Kufuli tatu na malezi ya vijana wa vilimani

Hapa Mutanga Nord, mtaa wa Bujumbura, mageti mengi hufunguliwa na kijana aliyeteremka kutoka vilimani kutafuta kazi ya uboyi, uyaya au uzamu. Kupika, kufua na kufagia anajua. Kinachompa taabu ni mshahara wa kwanza: aweke kiasi gani, akope kwa nani, amkatalieje anayemwomba. Stadi hizi hufundishwaje kijijini, kabla ya safari?

Njia iliyoenea Burundi ni kikundi cha kuweka na kukopeshana, ndugu wa vikoba vya Tanzania. Mfumo huo shirika la CARE liliuanzisha Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama 15 hadi 25 hukutana, mara nyingi kila wiki. Sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Mtunza sanduku hashiki hata mmoja. Kila mwanachama hununua hisa 1 hadi 5, na muhuri hugongwa kitabuni mwake. Fedha huhesabiwa kwa sauti, mbele ya wote. Kabla ya kuagana, salio hutajwa na kila mtu hulishika kichwani, maana mkutano ujao utaanza kwa kuulizana lilikuwa kiasi gani. Baada ya miezi 9 hadi 12, wanagawana.

Somo limo ndani ya utaratibu wenyewe. Uaminifu hauhubiriwi, unalindwa na kufuli. Asiyejua kusoma anakagua hesabu. Msichana mwenye hisa 1 anauliza swali sawa na mwenye 5, na wiki baada ya wiki anazoea kusikilizwa.

Lakini fedha peke yake haitoshi. Shirika la IRC lililipima jambo hili katika mradi wa Urwaruka Rushasha, yaani Kizazi Kipya, huko Makamba, eneo ambalo leo limo katika mkoa wa Burunga. Zililinganishwa familia zisizokuwa kikundini, zilizoweka akiba tu, na zilizoweka akiba huku wazazi wakikaa kuzungumzia malezi. Akiba iliinua matumizi na mali ya nyumba. Kipigo na matusi kwa watoto, hata hivyo, vilipungua pale mazungumzo yalipoongezwa.

Kwa maoni yangu, mpangilio huo ndio siri. Mkulima haachi jembe lake kwenda kusikiliza hotuba, ila kwenye fedha yake atakuja; akishaketi, mazungumzo yanapata wasikilizaji. Mradi unaofuta mazungumzo ili kupunguza gharama unabaki na sanduku bila malezi.

Nasi wa Mutanga Nord tuna sehemu yetu. Kijana aliyelelewa na sanduku akifika kwako, mlipe kwa wakati, na kila wiki mwachie saa moja ya kwenda kuweka akiba na wenzake.