Kupanga Upya au Kuhamisha Makabati? Maneno Machache Juu ya USAID



Tangu tarehe 1 Julai 2025 shughuli za USAID zimekoma, na kilichobaki kimeingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kila ninapokaa na wenzetu huku ughaibuni nakuta watu wamegawika. Wako wanaosema alhamdulillahi, lile lilikuwa pango la majasusi, bora lifungwe. Na wako wanaolia kana kwamba wamefiwa na mzazi. Mimi simo huku wala kule, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Shirika lile lilihitaji kweli kupangwa upya ili kazi yake izae matunda. Tena lilipangwa upya, si mara moja wala mbili. Lakini kila mara waliokaa mezani waliuliza swali la Washington: nani aripoti kwa nani? Swali la Micheweni au la Tandahimba, yaani mtu akikosa dawa zahanati aende kumlalamikia nani, lilibaki nje ya mlango.

Tuanzie mwanzo. Kennedy alipoingia madarakani alikuta misaada imetawanyika, idara hii inakopesha, ile inagawa chakula, nyingine inapeleka wataalamu. Mwaka 1961 akazikusanya kazi hizo chini ya paa moja. Haikuchukua muda watu wakaanza kutoboa paa. Mwaka 1979 Carter aliliwekea shirika hilo chombo kingine juu yake, ambacho kilikuja kufutwa kimya kimya. Miaka ya 1990 Seneta Jesse Helms alipania kulimeza lote ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, akashindwa. Bush naye, badala ya kulitengeneza, alilizunguka: mwaka 2003 akaanzisha PEPFAR, mpango wa ukimwi, chini ya mratibu aliyekaa Wizara ya Mambo ya Nje, na mwaka 2004 ikaundwa MCC, shirika jipya kabisa la kuzipa fedha nchi zitakazofaulu mtihani wa utawala bora.

Sasa tuseme haki. Vyombo hivi vipya vilifanya kazi. PEPFAR imeokoa mamilioni ya watu, na wengi wetu tuna jamaa walio hai kwa sababu yake. Na MCC, nani katika sisi wa visiwani asiyekumbuka giza? Mwaka 2008 Unguja ilikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, kisha kuanzia Disemba 2009 ikakaa miezi mitatu. Kupiga simu nyumbani ilikuwa mtihani, simu za watu zimezima, visima havina maji kwa sababu pampu hazizunguki, samaki wanaoza. Mkataba wa MCC na Tanzania, uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008, ulikuwa wa dola milioni 698, na ndani yake mlikuwa na waya mpya wa umeme wa chini ya bahari, kutoka bara mpaka Fumba, wa megawati 100. Ulikamilika 2013. Hayo ndiyo matokeo, bwana. Hayahitaji ripoti ya kurasa mia mbili, unabonyeza swichi taa inawaka.

Lakini ngoja. Mkataba wa pili, wa dola milioni 472 na zaidi, nao wa umeme, bodi ya MCC iliusimamisha Machi 2016. Sababu walizotoa ni sheria ya makosa ya mtandao na uchaguzi wa Zanzibar, uliofutwa Oktoba 2015 na kurudiwa Machi 2016. Sitaki kufungua kidonda hicho hapa, kila mmoja ana lake la kusema. Nasema tu hivi: aliyefuta uchaguzi hakulala gizani kwa adhabu ile. Mwanakijiji aliyenyimwa kura yake ndiye huyo huyo aliyenyimwa nguzo ya umeme, na hakuna aliyemwuliza, si serikali yake wala mfadhili. Chombo kimepangwa kisayansi kabisa, alama zinahesabiwa, na mwenye haja hamo kwenye hesabu.

Mwaka 2006 Condoleezza Rice alileta mpango wake. Aliunda cheo cha mkurugenzi wa misaada yote ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje, akampa Randall Tobias, ambaye wakati huo huo ndiye mkuu wa USAID. Ofisi ya sera ya USAID ikafungwa, watu wake wakahamishiwa wizarani. Kila programu ikatakiwa iingie katika mafungu yale yale na viashiria vile vile, iwe Haiti au Msumbiji. Nia ilikuwa njema, Bunge lao lilitaka kujua fedha zinakwenda wapi. Ila Andrew Natsios, aliyeliongoza shirika hilo kuanzia 2001 hadi 2006, aliandika mwaka 2010 hoja ambayo mimi naikubali: kazi inayobadilisha nchi hasa ndiyo ngumu kupimika, na ile nyepesi kupimika mara nyingi haibadilishi kitu. Anayebanwa kuhesabu atakimbilia vinavyohesabika.

Hili nililiona kwa macho yangu. Miaka hiyo kampuni moja ya ukandarasi ilinipa kibarua cha likizo, kutafsiri dodoso la afya na kufuatana na wahojaji vijijini. Semina ngapi, waliohudhuria wangapi, wanawake wangapi, vyandarua vingapi. Bibi mmoja alijibu yote kwa adabu, mwisho akaniuliza, "Mwanangu, vyandarua tumepata, Mungu awalipe. Lakini mkunga hatuna huu mwaka wa pili. Hilo unaliandika wapi?" Nikatazama karatasi. Hapakuwa na pahala. Niliandika pembezoni kwa kalamu, na nilipoliulizia ofisini nikaambiwa kompyuta haisomi pembezoni. Yaani nilicheka, lakini mpaka leo maneno yale yananikaa rohoni. Nami nililipwa vizuri kwa kazi ile, sijitoi.

Baadaye wakaja kina Rajiv Shah mwaka 2010. Wakairudisha ofisi ya sera na ya bajeti, wakaahidi kwamba asilimia 30 ya fedha itapitia serikali na taasisi za nchi zenyewe ifikapo 2015. Haikufika. Samantha Power akaja 2021 na ahadi ya asilimia 25 kwa mashirika ya wenyeji ifikapo 2025, wakakwama kwenye asilimia kama 10. Kwa nini? Kwa sababu kanuni za zabuni na ukaguzi ziliandikwa kwa ajili ya makampuni makubwa ya pale Washington yenye majeshi ya wahasibu na mawakili. Jumuiya ya akina mama Tanga haiwezi kujaza fomu zile hata ikikesha. Hapo ndipo palipohitaji shoka, na hakuna aliyethubutu.

Basi 2025 shoka likaja, likakata mti mwingine. Machi mwaka ule Waziri Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu zimefutwa. Hata utafiti wa afya na idadi ya watu uliokuwa ukifadhiliwa tangu 1984, ambao sisi wasomi tumeutumia kujua watoto wangapi wanakufa na wapi, ulisimamishwa. Mtu anadai anatafuta matokeo huku anayapasua macho ya kuyaonea! Hii si kupanga upya, hata Helms hakufika hapa.

Jambo linaloniuma zaidi halisemwi sana. Kati ya wafanyakazi zaidi ya 10,000, thuluthi mbili walikuwa nje ya Marekani, na wengi wa hao ni wenyeji: Watanzania, Wakenya, Wakongo. Mmarekani alikuja, akakaa miaka michache, akahamishwa. Mwenyeji alibaki miaka 20, ndiye anayemjua mganga mkuu wa wilaya na ghala lipi linavuja. Ndiye angeweza kumjibu yule bibi. Lakini katika mipango yote hii, kuanzia wa Kennedy, wengi wa wenyeji hao hawakupewa madaraka ya kusaini fedha au kukataa mradi mbovu. Wamekwenda na barua ya kuachishwa kazi, na kumbukumbu ya miongo mitatu imekwenda nao.

Sasa wanasema njia mpya ni kupeana mikono na serikali moja kwa moja, bila mashirika ya katikati. Kenya ilisaini Disemba 2025: Marekani itoe dola bilioni 1.6 kwa miaka 5, Kenya nayo iongeze milioni 850. Kwa wazo lenyewe siwezi kulipinga, maana tumelidai wenyewe miaka mingi. Lakini kabla ya mwezi huo kwisha Mahakama Kuu ya Nairobi ilisimamisha kipengele cha kupeleka taarifa za afya za wananchi ng'ambo, baada ya watetezi wa haki kulalamika kwamba wenye taarifa zao hawakuulizwa. Naona kwa mara ya kwanza mlalamikaji amepata mlango wa kugonga, na mlango wenyewe haukujengwa Washington wala na wizara yoyote, ni mahakama yao wenyewe. Wenzetu mlioko Nairobi, au wenye ujuzi wa sheria, mtueleze zaidi kesi hiyo ilipofika.