Kiolezo Kinachojua Pa Kusimama

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, njia mbili za juu za waendao kwa miguu ziliporomoka juu ya watu waliojaa ukumbini kwa ajili ya dansi. Watu 114 walipoteza maisha. Mchoro wa awali ulitaka vyuma vya kuning'inizia vishuke bila kukatika kutoka darini hadi njia ya chini. Baadaye vikagawanywa seti mbili, njia ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti za ile ya juu, na nati za njia hiyo ya juu zikabeba mzigo maradufu. Michoro iliyobadilishwa ilipita ofisi ya wahandisi na kugongwa muhuri, lakini hesabu ya kiungo cha vyuma hivyo na boriti haikufanyika.

Ukaguzi wa jina tu ni hatari kuliko kukosa ukaguzi, maana unawaondolea watu wasiwasi. Kwa sababu hiyo miradi mikubwa huandaa mpango wa ukaguzi na vipimo kabla ya kazi kuanza: nini kikaguliwe, nani akague, ushahidi gani ubaki, na wapi kazi isimame mpaka sahihi ipatikane. Wahandisi wa Tanzania na Kenya waliofanya kazi chini ya mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC wanalijua sharti lake la msingi: mkandarasi hufunika kazi baada ya kumpa mhandisi taarifa na nafasi ya kuiona.

Procore, kampuni ya programu za usimamizi wa ujenzi yenye makao yake Carpinteria, California, imeuweka utaratibu huo ndani ya zana yake ya mipango kazi. Mpango una sehemu, kila sehemu ina vipengele, na kila kipengele kinaweza kubeba msimamizi wake, kiambatisho cha rejea kama mchoro au vipimo vya mkataba, pamoja na rekodi inayodaiwa kama picha au ripoti ya maabara. Ili mpango usiandikwe upya kila mradi unapoanza, kampuni hutengeneza kiolezo kimoja na miradi ikakinakili.

Kiolezo kimoja mtu anaweza kukiandika kwenye skrini na kumaliza. Taabu huanza pale kampuni inapokuwa na violezo kwa makumi, vyote vikiwa vimelala kwenye majedwali ya Excel: zege, nondo, kuzuia maji, bomba, umeme. Kuvihamisha kwa mkono ni kualika makosa, na hapo ndipo API inapohitajika, yaani njia rasmi ya programu moja kuiagiza nyingine kazi bila mtu kubofya.

Jambo la kwanza analogundua mwandishi wa programu ni kwamba kiolezo hakitumwi kama furushi moja. Kinajengwa kwa ngazi. Ombi la kwanza huunda kiolezo chenyewe, na seva hurudisha nambari yake ya utambulisho. Nambari hiyo ndiyo inayotumika kuunda sehemu. Nambari ya sehemu ndiyo inayotumika kuunda kipengele. Na ya kipengele ndiyo inayofungua njia ya kuongeza msimamizi, rejea na rekodi. Anayejaribu kuruka ngazi hana nambari ya kutuma.

Idadi ya maombi hukua upesi. Kiolezo cha zege chenye sehemu 5, kila moja na vipengele 8, kina vipengele 40. Kila kipengele kikihitaji msimamizi mmoja na rekodi moja, jumla ni maombi 126: moja la kiolezo, 5 ya sehemu, 40 ya vipengele, 40 ya wasimamizi na 40 ya rekodi. Violezo 10 vya ukubwa huo ni maombi 1,260. Seva huweka kikomo cha maombi kwa muda fulani, na anayekivuka hupata jibu la 429, namba iliyosanifiwa mwaka 2012 kumaanisha kwamba maombi yamezidi. Programu iliyoandikwa vizuri husoma jibu hilo, ikasubiri, kisha ikaendelea. Tokeni ya kuingilia nayo huisha muda wake, hivyo lazima iweze kujipatia nyingine katikati ya safari.

Hatari kubwa zaidi haionekani kirahisi. Mtandao ukikatika baada ya seva kuunda kipengele lakini kabla jibu halijafika, programu hudhani ombi limeshindwa na kulituma tena. Matokeo yake ni vipengele viwili vya "kagua nafasi za nondo", na fundi saiti hajui asaini kipi. Dawa yake ni daftari la programu yenyewe: kila mstari wa jedwali upewe alama yake ya kudumu, na nambari iliyorudi kutoka kwa seva iandikwe pembeni yake papo hapo. Kabla ya kurudia ombi, programu iulize kwanza seva ina nini tayari. Vilevile kiolezo kibaki na neno "rasimu" kwenye jina lake mpaka kipengele cha mwisho kiingie, asije mtu akanakili nusu ya ukaguzi akidhani ni mzima.

Hayo yote yanatatulika kwa msimbo. Lisilotatulika kwa msimbo ni jedwali baya. Majedwali mengi ya ukaguzi huchanganya mambo mawili ambayo saiti hayafanani kamwe: kituo cha kusimama, ambapo kazi haiendelei bila idhini, na kituo cha kushuhudia, ambapo mkaguzi huarifiwa lakini kazi huendelea asipofika. Ukaguzi wa nondo kabla ya kumwaga zege ni kituo cha kusimama, kwa kuwa zege likishamwagwa nondo hazionekani tena. Vipimo vya nguvu ya zege ni habari nyingine: michemraba huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28, wakati nguzo za ghorofa inayofuata pengine zimeshasimama. Kuviwekea kituo cha kusimama pale pale kwenye umwagaji ni kutoelewa kazi. Vinahitaji kipengele chao, chenye tarehe yake na ripoti yake.

Mwandishi wa programu hawezi kuliamua hilo peke yake, na si haki kumtwisha. Kabla ombi la kwanza halijatumwa, mhandisi wa ubora aketi naye, wapitie jedwali mstari kwa mstari, na kila kituo cha kusimama kipate jina la wadhifa wa anayesaini na hati anayopaswa kuiona. Kisha kiolezo kipakiwe kwanza kwenye mazingira ya majaribio, na akabidhiwe msimamizi wa saiti ambaye hakushiriki kukitengeneza. Akikwama kwenye kipengele asichokielewa, kirudishwe kwenye jedwali kirekebishwe kabla mradi wowote haujakinakili.