Duara la Mkorosho

Jani la mkorosho, liwe la Masasi penye milima ya mawe au la Newala kwenye ukingo unaotazama bonde la Ruvuma, limebeba andiko la DNA linaloandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Andiko hilo limo ndani ya kloroplasti, chembe zinazolipa jani ukijani wake, nalo lina herufi zipatazo 172,000. Samar Rabah na wenzake walilichapisha mwaka 2017, pamoja na maandiko ya mazao mengine tisa. Wengi wamelisoma kutafuta jeni. Mimi limenivuta kwa umbo.

Ni duara, kwa hiyo halina mwanzo. Pa kuanzia kuhesabu wanasayansi walipatana wenyewe. Lina kipande kirefu na kipande kifupi, na kati yake nakala mbili za kifungu kimoja. Nakala ya pili husomeka kinyumenyume, kila herufi ikimpisha mwenziwe, A kwa T, G kwa C. Ni kiitikio kinachorudi kimegeuzwa.

Mimea mingi ina muundo huo. Jambo la nadra katika mkorosho ni kwamba ndani ya kiitikio hicho kumeingia herufi kama 6,700 kutoka mitokondria, chembe nyingine kabisa ya seli. Kwa kawaida safari huwa upande wa pili: mitokondria ndiyo huokota vipande vya kloroplasti. Kama mgeni huyu angeangukia kipande kirefu, angetajwa mara moja. Kwa kuwa nakala mbili za kiitikio husahihishana zibaki sawa, anatajwa mara mbili. Hapa umbo limeamua maudhui, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Nasikitika kwamba michoro ya maduara haya hupaka jeni rangi kwa kazi zake, si kwa asili zake. Jicho humpita mgeni bila kumtambua.

Katika mimea mingi inayotoa maua, andiko hili hurithiwa kwa mama peke yake. Wamakonde, ambao kijadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hawatashangaa. Lakini mikorosho mingi sasa hubebeshwa: kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine. Jani litasimulia ukoo wa kikonyo. Chipukizi lililoota chini ya kiungo litasimulia mama mwingine. Anayechuma jani la kusoma hana budi kuandika amelichuma juu au chini ya kiungo hicho.